Ngazi ya Kesaria

Usiku wa mwaka mpya, kijijini juu ya Terjola,
meza ni meza mbili na mlango uliong'olewa bawaba,
kitambaa kimoja kimefunika vyote;
tofauti unaijua kwa kiwiko.
Valiko ndiye tamada, mshika maneno ya karamu.
Hanywi mtu kabla yeye hajasema,
na Valiko husema.

Ameinywea amani. Amewanywea wageni.
Ameinywea nchi, akalia kidogo, akajifuta kwa mkate.
Nyama imeganda mafuta.
Watoto wamelala chini ya makoti.

Sasa ni zamu ya waliotangulia, tumesimama.
Zauri amesema Karlo, baba yangu, alikuwa mlima.
Mwalimu Iasoni amesema, mwaloni.
Mwingine, simwoni kwa moshi, amesema simba.
Baba yangu! Aliyezunguka njia ya nyuma miaka thelathini
asikutane na bata bukini wa Zauri.

Kisha Valiko akanigeukia:
"Alaverdi kwako, Nukri,"
yaani neno limetoka kwangu, lidake, lisianguke.

Mfukoni nilikuwa na karatasi.
Niliiandika Gdansk, ndani ya basi la vibarua,
maneno makubwa makubwa, kila moja limevaa tai.
Sikuwapo alipozikwa. Nilitazama kwenye simu,
picha ikakwama koleo la kwanza likiwa hewani.
Udongo ule kwangu haujaanguka bado.

Nikaipapasa karatasi, nikaiacha.
Kilemba cha ukoka humchekesha aliye hai;
maiti utamvika wapi?
Dirishani mti wa persimoni, hauna jani hata moja,
matunda yamebaki kileleni kama makaa yaliyosahauliwa.
Nikasema:

"Baba alishika ngazi.
Mimi nilipanda, yeye alishika, kila mapukutiko.
Akisema, hilo liache, la ndege. Na lile pale.
Mwishowe ndege walikuwa na nusu ya mti.
Kipago cha nne kilikatika, akakifunga waya,
na kila mwaka akanikumbusha, cha nne, Nukri, cha nne,
kana kwamba sijui kuhesabu.
Huko niliko napanda majukwaa ya chuma, ghorofa ya tisa,
na nikifika hatua ya nne
mguu husita wenyewe.
Basi."

Hakunywa mtu.
Nikadhani nimeiharibu karamu.
Ndipo sauti ikatoka pembeni, karibu na jiko,
Kesaria, miaka themanini na kitu, shali puani:

"Ngazi hiyo ni yangu.
Aliiazima mwaka niliomzaa Manana.
Manana sasa ana wajukuu."

Iasoni alipaliwa na jozi, ikabidi apigwe mgongo.
Zauri alicheka hadi akakaa, ingawa hatukuruhusiwa kukaa.
Mimi uso ulinichoma.
"Nitakurudishia kesho, mama. Dawa ya deni kulipa."

"Dawa ya nini? Mimi siumwi.
Ukiirudisha utapita kwangu mara moja.
Baba yako alipita kila mwaka kuniomba radhi,
na ndoo ya persimoni, na umbea.
Niache na deni langu."

Valiko alifungua kinywa. Akakifunga.
Kwa mara ya kwanza usiku ule hakuwa na la kuongeza.
Akainua pembe: "Kwa ngazi."
Kwa ngazi, tukanywa.
Divai ilikuwa ya mapukutiko yaliyopita, aliikamua yeye,
chachu kidogo.
Hakuna aliyelisema hilo.

Zikaendelea nyingine, kwa akina mama, kwa mvua, kwa mlango
ambao kesho ungerudi mahali pake.
Karibu na alfajiri niliitoa ile karatasi,
nikaikunja mara nne,
nikainama, nikaisukuma chini ya mguu wa meza
upande ule ambako bilauri
zilikuwa zikiinama tangu jioni.